Hatua Saba Hadi Dirishani

Mama alihama nyumbani kwetu akiwa na blanketi moja, redio, na sufuria yake ya ugali, akaenda kukaa kwa mdogo wake anayeishi mtaa wa Kayole, papa hapa Nairobi, ghorofa ya nne. Hakusema kwamba anaogopa. Alisema, "Kule sakafu ni simiti. Simiti inanyamaza."

Nyumba yetu iko katika mtaa wa wafanyakazi wa reli, upande wa Jogoo Road, safu ya mwisho kabla ya ukuta unaotutenga na njia ya treni. Nyumba nyingi za mtaani zina sakafu ya simiti. Safu yetu ina sakafu ya mbao, na kila mtu ana hadithi yake ya kueleza kwa nini. Baba alikuwa akisema ni mvule uliotolewa kwenye mabehewa ya zamani. Ushahidi wake ulikuwa ubao mmoja karibu na mlango, wenye matundu mawili ya bolti yaliyozibwa kwa vipande vya mti. Sikumwamini. Matundu mawili hayatoshi kuwa behewa. Lakini sijawahi kupata maelezo mengine ya matundu yale.

Alipostaafu, reli ilimwachia tabia moja. Kila siku ikikaribia saa kumi na nusu, kabla treni ya jioni haijasikika, aliinuka kitini, akatembea miguu mitupu hadi dirishani na kusimama akitazama saa yake ya mkononi. Treni ikipita alisema "imechelewa" au "imewahi". Sikumbuki hata siku moja aliyokiri kwamba imefika kwa wakati wake. Kisha alirudi kitini akipitia ukutani, kiganja kikipapasa rangi, maana magoti yalikuwa yamechoka. Kwenda alikwenda kama mwanamume. Kurudi hakujali nani anamwona. Mstari wa uchafu wa kiganja chake upo ukutani mpaka leo.

Kutoka kitini hadi dirishani ni hatua saba. Mbao zilikuwa zimelegea na kila hatua ilikuwa na sauti yake. Nilikua nikizijua kwa mpangilio, kama watoto wengine wanavyojua mlio wa gari la baba yao. Ya kwanza ilikohoa. Ya pili na ya tatu zililia mfululizo. Ya nne ilinyamaza ukiwa mwepesi. Ya tano ilikuwa na sauti mbili, ya kukanyagwa na ya kuachwa. Ya sita ilikuwa nzito, na ya saba, chini ya dirisha, ilikuwa fupi kama ulimi unaogonga meno.

Alifia kwenye hatua ya sita. Mama alikuwa jikoni akichambua sukuma wiki. Aliniambia kwamba miaka yote ile alikuwa akihesabu bila kujua kwamba anahesabu, na siku hiyo ya saba haikuja.

Sasa lazima niseme nilichofanya, kwa sababu bila hicho mambo mengine hayaeleweki.

Kwa watu wetu wa magharibi mwa Kenya, mtu akifia mbali na nyumbani, kusafirisha mwili peke yake hakutoshi. Mwana wa kwanza husimama pale mzazi alipoangukia, humwita kwa jina, humwambia kwamba safari imefika. Halafu hutangulia njiani bila kugeuka nyuma hata mara moja, mpaka kaburini. Mwana wa kwanza ni mimi. Asubuhi ya kusafiri, basi likiwa nje, jamaa wamejaa sebuleni, kaka mkubwa wa baba alinishika bega na kunielekeza pale karibu na dirisha. Nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia, sijalala siku nne, na nilikuwa na hasira na kila kitu kilichokuwa na sauti ya ibada. Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Baba yuko ndani ya jeneza, pale nje. Hayuko chini ya kochi."

Binamu yangu mmoja alicheka, akajizuia. Baba mkubwa aliutoa mkono wake begani mwangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, msomi," akatoka. Tukapanda basi. Tulizika vizuri, watu walikula, tukarudi Nairobi.

Wiki ya pili mama akaanza kusikia sauti. Si za usiku. Zilikuja mchana kweupe, jua likiwa bado juu ya ukuta wa reli na watoto wakipiga mpira uwanjani. Saa kumi na nusu kasoro dakika mbili tatu, mbao zilikohoa, zikalia, zikanyamaza, zikalia mara mbili, zikatoa ile nzito. Halafu basi. Sita. Mama alikuwa akingoja ya saba mpaka mgongo unamuuma. Alivumilia miezi mitatu. Jumamosi, siku yake ya kupaka sakafu polishi nyekundu kama alivyofanya tangu nizaliwe, alikuwa akipiga magoti na kipande cha blanketi kuukuu na kusugua chumba kizima, lakini zile hatua saba aliziruka. Zilibaki zimepauka katikati ya wekundu. Kisha akahama.

Kilichoniuma ni kumwona Kayole. Alikuwa amekonda. Nyumbani kwetu alikuwa na kanisa lake, marafiki zake wa miaka thelathini, na kijibustani cha mboga nyuma ya jiko. Kule ghorofani alikuwa akikaa kwenye kochi la watu kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Na bado alipotaja "nyumbani" alimaanisha nyumba yetu.

Nikamwambia, "Mama, ni mbao tu. Zimelegea. Treni ikiwa mbali, ardhi hutetemeka kabla hujaisikia."

"Dakika mbili kabla?"

"Au ni jua. Bati likipoa, nyumba nzima inajikunja."

"Kwa mpangilio?"

Nikabadilisha njia. "Nikiitengeneza ile sakafu isilie tena, utarudi?"

"Ikinyamaza nitakuja kuangalia," akasema. "Kurudi, tutaona."

Nikarudi kuishi peke yangu katika nyumba ile, nikiwa na wiki moja ya kufanya kazi hiyo. Siku ya kwanza sikugusa kitu. Niliketi jikoni pale mama alipokuwa akikaa. Nilitaka kusikia upuuzi huo mwenyewe. Ilipofika saa kumi na dakika ishirini na nane, ubao wa kwanza ulikohoa.

Sitadai kwamba sikuogopa. Lakini nilijilazimisha kuhesabu, na nilipofika sita nikachungulia sebuleni. Hakukuwa na kitu. Kiti, dirisha, mwanga wa jua uliokuwa umelala sakafuni. Treni ikapita baadaye, vioo vikatetemeka, na mbao zile hazikutoa sauti hata moja. Yaani nadharia yangu ya treni ilikuwa imekufa mbele yangu. Nikabaki na ya jua na bati. Nikajiambia inatosha.

Kesho yake nilikwenda Gikomba, upande wa maseremala, kutafuta mashine ya kupiga msasa ya kukodisha. Fundi aliyekuwa nayo alinitazama viatu kwanza.

"Niaje, boss. Ushawahi kutumia hii kitu?"

"Nimeangalia video."

"Ameangalia video!" akawapigia kelele wenzake, nao wakaacha kupiga randa ili wacheke vizuri. "Basi ungeambia video ikupigie msasa." Halafu akawa makini. "Hiyo floor, mathe wako alikuwa anapaka polishi?"

"Kila Jumamosi."

"Miaka ngapi?"

"Tangu nizaliwe."

"Basi huna mbao hapo, una mshumaa. Skiza. Osha na mafuta taa kwanza, mara tatu, ufungue madirisha usife. Ukipiga msasa juu ya polishi, karatasi inajaa na vanishi inakataa kukauka. Itakaa hivyo mpaka Krismasi, inakushika miguu tu."

Nilifanya kama alivyosema. Nilitoa kiti, kochi na meza nje, nikang'oa zulia dogo la katikati, nikapiga magoti na ndoo ya mafuta taa. Matambara yalitoka mekundu kama ya machinjioni. Nilisugua mara tatu, na tambara la mwisho lilipotoka bila wekundu niliona kwa mara ya kwanza maishani mwangu rangi halisi ya sakafu tuliyokulia. Ilikuwa rangi ya asali. Mimi na dada zangu tulikuwa tukiteleza juu yake kwa vipande vya blanketi ili kuing'arisha, mama akitupigia makofi, na hatukuwahi kujua kwamba chini ya wekundu ule kuna kitu kingine.

Halafu nikazamisha misumari yote iliyochomoza na kukaza kila ubao kwa skrubu. Zile za njia ya dirishani nilizikaza maradufu, skrubu nne kila upande. Nikazikanyaga moja moja. Kimya. Nikaruka juu yake kwa uzito wangu wote. Kimya kabisa. Saa kumi na nusu nikakaa jikoni, nikangoja, treni ikapita, na hakuna kilichokohoa. Nikampigia mama simu nikiwa nimesimama palepale kwenye hatua ya sita.

"Imenyamaza," nikamwambia.

"Leo," akasema.

Kupiga msasa kulichukua siku mbili. Mashine ilinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi na vumbi lilijaa mpaka kwenye kope. Jirani yetu wa upande wa kushoto, mjane mwenye asili ya pwani aliyekuja mtaani na mumewe wa reli hata kabla ya baba, alikuja akasimama mlangoni ameshika ncha ya leso puani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuwa jini la kinu cha unga? Watoto wamenijia mbio, wanasema kuna mtu mweupe ndani ya nyumba ya marehemu."

"Natengeneza sakafu, mama arudi."

"Naona." Aliangalia ile rangi ya asali, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaangalia rundo la vumbi nililokuwa nimelifagilia karibu na mlango. "Na hilo unalipeleka wapi?"

"Kuna mama wa kuku kule nyuma, analitaka la kutandika bandani."

"Mwanangu," akasema taratibu, "mtu ametembea hapo miaka yake yote. Utampa kuku?"

Nilitaka kumwambia kwamba ni vumbi la mti, polishi, na ngozi iliyokufa ya watu sita. Lakini hilo la ngozi nililisikia kichwani kabla sijalitamka, likanizuia. Alirudi kwake akaniletea mfuko mtupu wa unga wa ugali. Nikachota vumbi la njia ya dirishani, nikalijaza humo, nikafunga, nikaweka nyuma ya mlango. Nilifanya hivyo ili aondoke. Ndivyo nilivyojieleza.

Alasiri ya siku hiyo mashine ilipofika karibu na dirisha, harufu ilipanda. Ilikuwa ya mafuta ya kuchua, yale makali yenye menthol, ambayo baba alipaka magoti na nyayo kila mchana kabla ya kuinuka. Nilizima mashine. Chumba kilinukia kama yeye, kana kwamba amepita karibu yangu na shati lake la nyumbani. Nikasimama nikijipa somo: msasa hutoa joto, joto hufufua mafuta yaliyomo kwenye mti, harufu ni molekuli. Kila neno la somo lile ni kweli. Lakini nilikuwa nikilisema kwa sauti, na hapakuwa na mwanafunzi.

Alhamisi asubuhi nilipaka vanishi ya kwanza. Nilianzia kona ya mbali nikirudi nyuma kuelekea mlangoni, brashi pana, mkono mwepesi, kama kwenye video. Ilikuwa nzuri mno. Nilikaa kizingitini nikaitazama ikimeta, nikafikiria uso wa mama Jumamosi, siku tuliyoagana aje, nikajiona mtoto mzuri. Nikalala jikoni juu ya magunia.

Ijumaa niliiangalia baada ya chai. Sakafu ilikuwa imekauka, ngumu na laini kama sahani. Isipokuwa mahali fulani. Niliinama ili mwanga wa dirisha unisaidie, na nikaziona.

Zilikuwa nyayo. Vanishi ilikuwa imekataa kukauka kwa umbo la nyayo: kisigino, upande wa nje wa mguu, mviringo wa chini ya vidole. Ya kwanza pale kiti kilipokuwa. Ya pili. Ya tatu. Zote zikielekea dirishani, hakuna hata moja iliyorudi. Nilizihesabu mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Zilikuwa saba.

Nikampigia fundi wa Gikomba.

"Hiyo ni mafuta imeingia ndani ya mbao," akasema, kelele za misumeno nyuma yake. "Mafuta taa inatoa polishi, haitoi mafuta ya ndani. Kuna mtu alikuwa anapaka miguu?"

"Alikuwa."

"Ndiyo hiyo basi. Itakauka polepole ama isikauke. Niaje, mbona sauti imekuwa hivyo?"

Nilikata simu. Nilikuwa na maelezo, na yalikuwa mazuri. Baba alipaka mafuta, akatembea peku hadi dirishani, kila siku, hatua zilezile, mti ukanywa. Kurudi alipitia ukutani, nyayo zikiwa zimekauka. Ndiyo maana zinaelekea upande mmoja. Nikaanza hata kucheka. Nikanyanyuka kwenda kuchota maji, na ndipo nikaona ya nane.

Hii haikuwa kwenye njia ya dirishani. Ilikuwa karibu na mlango, juu ya ule ubao wenye matundu mawili ya bolti, na ilielekea nje. Mguu wa kulia, peke yake. Kama mtu aliyefika mlangoni, akasimama, akangoja afunguliwe.

Baba hakuwahi kupaka mafuta na kwenda mlangoni. Nje alivaa viatu kila mara, hata kwenda chooni. Nilichuchumaa juu ya alama ile muda mrefu. Mwishowe nikafanya kitu pekee nilichofundishwa kufanya, nikapima. Nilivua kiatu, nikaning'iniza mguu wangu wa kulia juu yake bila kuugusa. Ulienea. Kisigino kwa kisigino, kidole kwa kidole, hata kile kidole kidogo kilichopinda ndani ambacho mama husema nimekitoa kwa baba. Basi ni mimi, nikajiambia. Nilikuwa natokwa jasho, nikakanyaga hapo kabla ya kupaka. Lakini siku zote nilifanya kazi nikiwa nimevaa mabuti. Soli za mabuti yale ninazo mpaka leo, zimejaa vanishi.

Mama alikuja siku hiyohiyo, sio Jumamosi. Saa kumi kamili nilimwona akivuka uwanja na kikapu chake, Bibi wa pwani akimsindikiza hadi kwenye ngazi na kumwacha hapo. Nilisimama mlangoni kwa namna ya kumziba asione.

"Mama, bado haijakauka yote. Ungengoja kesho."

"Nipishe, baba." Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita wana wao.

Nilimpisha. Alivua viatu, akasimama kizingitini, akatazama. Aliziona mara moja, bila kuinama, bila kutafuta mwanga. Macho yake yalitembea kutoka pale kiti kilipokuwa hadi dirishani, kisha yakarudi kwenye ile iliyokuwa karibu kabisa na vidole vyake. Hakupiga kelele. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuta mgeni amesimamishwa nje kwa muda mrefu, na mwenyeji ndani akiwa anajua.

Nikaanza kueleza. Mafuta ya kuchua, mti unavyokunywa, vanishi inavyohitaji sehemu kavu. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote chuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiitikia.

"Nimeelewa," akasema. "Na hii ya mlangoni?"

"Labda ni yangu."

"Labda." Aliweka kikapu chini. "Umefanya kazi nzuri sana. Mimi sikujua ni nzuri hivi. Lakini hukuwa umeombwa sakafu. Uliombwa maneno mawili."

"Mama, mimi siamini."

"Nani amekuuliza unaamini nini? Uliambiwa umwite."

"Nitakuwa nasema uongo."

"Uliniambia ulipita mtihani wa kwanza wa chuo, kumbe uliurudia. Huo uongo uliuweza." Aliona nimeshtuka, akatikisa kichwa. "Baba yako alijua pia. Tulinyamaza. Sasa wewe, kunyamaza kwetu kote, huwezi kusema kidogo?"

Saa yangu ilisema kumi na dakika ishirini na tano. Nilivua mabuti. Nilitembea kando ya ukuta, nikifuata mstari wa kiganja chake, mpaka nikafika pale pa hatua ya sita, nikasimama nje kidogo ya alama. Nikafungua mdomo na nikagundua kwamba sijawahi, tangu nizaliwe, kulitamka jina la baba yangu mbele yake. Nililijua kutoka kwenye fomu. Nililiandika shuleni kila muhula. Lakini kumwita mzee wako kwa jina ni utovu wa adabu ambao hata mimi, mwenye kuuliza kila kitu, sikuwahi kuthubutu kuufanya.

Nililisema. Lilitoka dogo.

"Atakudhani ni mgeni," mama akasema kutoka mlangoni. "Sema vizuri, na kwa lugha ya nyumbani."

Nikalisema tena, kwa sauti, majina yake yote matatu. Nikasema kwa lugha yetu, ambayo naiongea vibaya, kwamba safari imefika, kwamba nilichelewa, kwamba twende nyumbani. Hilo la kuchelewa halimo katika maneno ya desturi. Lilijitokea lenyewe.

Hakuna kilichotokea. Mbao zilinyamaza. Jua lilikuwa sakafuni.

"Sasa tangulia," mama akasema. Alikuwa amechukua ule mfuko wa vumbi nyuma ya mlango, bila mtu kumwambia umo nini, akanitia mkononi. "Basi la jioni hujalikosa. Usigeuke nyuma. Hapa, barabarani, kwenye basi, mpaka ufike kaburini. Ukae kiti cha mbele."

"Na nikisikia kitu?"

"Ndiyo maana nimekwambia usigeuke."

Mtu asiyenijua hawezi kuelewa uzito wa agizo lile. Maisha yangu yote ni kugeuka nyuma kuhakikisha. Nafunga mlango, naurudia. Nasoma habari, natafuta nani aliyeiandika. Kuambiwa utembee safari ya usiku mzima na usiangalie ni kuambiwa uwe mtu mwingine. Nilimpita mama kizingitini. Nilivaa mabuti kwenye ngazi nikiwa nimetazama uwanja, watoto na mpira wao, na Bibi wa pwani aliyekuwa amesimama kwake akiwa ameinamisha kichwa.

Na nyuma yangu, ndani ya nyumba yenye skrubu nne kila upande wa kila ubao wa njia ile, nikasikia kitu. Sitasema ni nini kwa sababu sikukiona. Kilikuwa kifupi, kama ulimi unaogonga meno. Sekunde chache baadaye treni ilianza kusikika kwa mbali.

Shingo yangu iliuma kama iliyokamatwa. Niliinua mguu wa kulia, nikatembea.

Nilikaa kiti cha mbele usiku kucha. Alfajiri nilishuka njia panda ya kwetu nikatembea kwenye umande hadi kaburini, nikamwaga vumbi lile la rangi ya asali juu ya udongo, na hapo ndipo niligeuka. Niliona njia, migomba, na moshi wa jiko la baba mkubwa. Alitoka, akaniona na mfuko mtupu mkononi, akaja akaniwekea mkono begani, palepale alipokuwa ameutoa. "Umefika, msomi," akasema.

Niliporudi Nairobi siku tatu baadaye, redio ilikuwa ikiimba na sufuria ya ugali ilikuwa jikoni mahali pake. Mama alikuwa amelala katika nyumba ile tangu jioni niliyoondoka, peke yake. Kiti kilikuwa kimerudi. Sakafu ilikuwa imekauka yote, zile nane pia. Kuna maelezo: siku tatu za jua kali, madirisha wazi, hewa. Fundi wa Gikomba aliniambia wakati mwingine inakauka tu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amepiga magoti na kopo la polishi nyekundu na kipande cha blanketi, akiifunika kazi yangu yote ya wiki nzima. Vanishi haipakwi polishi ile, nilitaka kumwambia, itaharibika. Nikanyamaza. Alisugua kutoka kitini kuelekea dirishani, na hakuruka hata hatua moja.

Jambo moja limebaki. Jioni ile mimi nilitazama mbele, lakini yeye alibaki mlangoni, uso wake kuelekea ndani, na aliona kila kilichokuwapo cha kuonwa au alikiona chumba kitupu. Ningemuuliza angenijibu, si mtu wa kuficha. Tunakaa pamoja jikoni saa kumi na nusu, anachambua mboga, treni inapita. Mara nyingine hunitazama kama anayengoja swali.

Bado sijamuuliza.